Ngoma Zetu na Ndege ya Saa Nne

Kila tukikaa barazani pale Ghubra, mkishamaliza kuisengenya ligi na bei ya samaki, mmoja wenu hunigeukia: "Seif, hebu tupe ile ya Salalah." Nami huwapa ile fupi. Tulikwenda, tulipiga ngoma, uwanja mzima ukanyamaza mbele yetu, tukashinda moja bila. Mnacheka, mnanipiga mgongoni, kahawa inazunguka. Hamed peke yake hacheki. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunavaa viatu kuondoka, alinishika mkono akasema, "Kaka Seif, niandikie safari ile yote toka mwanzo. Mdogo wangu Nassor hasemi kitu."

Basi naandika. Aliyekuja kutafuta kicheko aishie hapa, wala sitamlaumu.

GHUBRA, BAADA YA ALFAJIRI

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Siku za kazi nilikuwa karani wa wizara mjini kwetu Maskati, Oman, mtu mpole wa mafaili, hata mlango nikiufunga hausikiki. Siku za mechi nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa kiongozi wa rabita, yaani chama cha washangiliaji wa timu yetu, na ngoma kubwa ya rahmani ilikuwa yangu. Mke wangu alikuwa akisema laiti ningelikuwa na sauti ile ofisini ningeshapandishwa cheo.

Nilikuwa na imani yangu, na nyote mnaijua kwa kuwa niliwachosha nayo. Niliamini kelele za nyumbani ni mchezaji wa kumi na mbili, tena yule asiyechoka. Niliwatazama marefa miaka mingi. Mtu akianguka mbele ya watu elfu wanaopiga ukelele, filimbi inakwenda mdomoni kabla refa hajajua ameona nini. Akianguka mbele ya watu waliokaa kimya, refa anafikiri, na akifikiri mara nyingi anaacha mchezo uendelee. Refa si mwizi. Ni binadamu, na masikio yake yako karibu na kichwa chake kama yetu sote.

Mwaka huo tulikuwa tunakwenda Salalah, kusini kabisa ya nchi, kutafuta kubaki daraja. Tukifungwa tunashuka, hata sare isingetutosha. Na Salalah hatukuwa tumeshinda hata siku moja. Mara ya mwisho kipa wetu, Nassor, alitoka golini kuudaka mpira wa juu, akaita "Yangu!" kwa nguvu zake zote. Beki wake, aliyekuwa hatua mbili mbele yake, hakusikia neno kwa ngoma za wenyeji. Wakagongana, mpira ukaanguka, tukafungwa. Tangu siku hiyo nilikuwa na nia moja: safari hii tutaibeba Ghubra yote ndani ya basi. Ngoma tisa, watu arubaini na zaidi, na Nassor atasimama golini asikie Ghubra.

Nassor alikuwa mtoto wa jirani yangu, Ba Suleiman. Hamed ndiye kaka yake mkubwa. Ba Suleiman alikuja Oman na baba yangu kutoka Unguja, na baba yangu alipofariki, mzee huyo ndiye aliyekuwa akinikemea mahali pake. Wakati huo kifua kilikuwa kimemshika. Alfajiri ile, basi likiwa limeshawasha injini barabarani, niliingia kumuaga. Alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, Nassor anamfunga kilemba. Timu ilikuwa iondoke kwa ndege mchana ule.

"Munakwenda kupigwa," mzee akaniambia.

"Safari hii hatupigwi, Ba. Nna ngoma tisa."

"Ngoma hazidaki." Akavuta pumzi, akamwonesha Nassor kwa kidole. "Huyu ndo anadaka. Nnakwambieni mbele yenu nyote, siku yangu ikifika, huyu ndo ashuke kaburini anipokee. Hamed mgongo wake mbovu, ataniangusha."

Hamed alikuwa mlangoni na trei ya chai. Alicheka, nasi tukacheka. Ilikuwa kweli, mgongo wake ulikuwa umeumia kazini na daktari alimkataza kunyanyua hata ndoo. Kabla sijatoka nilimwachia namba ya simu ya nyumba ya wageni tutakayofikia, kwa kuwa hoteli ya timu hakuna aliyekuwa anaijua bado.

HAIMA

Hakuna safari ya rabita inayokwenda kwa wakati. Tulipopita mji wa Adam tairi likapasuka, na tairi la akiba likawa halina upepo. Tulikaa saa mbili na nusu kando ya barabara, hakuna mti wala kivuli isipokuwa cha basi lenyewe, na kivuli hicho kilikuwa kinapungua. Tukala mkate wa kumimina wa mke wangu, tukala sambusa, tukala hata zile tende zilizowekwa kwa ajili ya wenyeji wetu. Vijana wakapiga ngoma kuwapigia ngamia. Ngamia hawakuonekana kuvutiwa.

Tulifika Haima mchana umeshapinda. Pale kuna kituo cha mafuta, mkahawa na upepo. Mwenye mkahawa, Mpakistani mwenye ndevu nyekundu za hina, alizitazama ngoma dirishani akauliza kwa Kiarabu chake cha kazini tunakwenda kumpiga nani. Tukamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma akatuongezea sukari kwenye chai.

Nilikwenda kwenye simu ya kadi iliyokuwa nje nikampigia mke wangu. Akaniambia Ba Suleiman amechukuliwa hospitali adhuhuri, pumzi imembana, na Nassor alikuwa ameshaondoka kwenda uwanja wa ndege. "Hamed kasema usiseme kitu kwanza," aliniambia. "Pengine atatulia."

Nilirudi mezani nikala wali wangu wa nyama ya mbuzi mpaka ukaisha. Zahor, mpigaji mwenzangu na rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, aliniuliza nyumbani kuko vipi. Nikamwambia kuko salama.

THUMRAIT, NA KUTEREMKA

Kabla ya Thumrait askari alitusimamisha kwenye kizuizi. Alipanda ndani, akaangaza tochi kwenye ngoma, kwenye vilemba vyetu vya rangi moja, kwenye mapaja ya watu yaliyojaa vyombo vya chakula, akauliza kwa adabu, "Harusi ya nani?"

Zahor hakuweza kujizuia. "Ya kipa wetu," alisema.

Askari akatupongeza. Akamwombea bwana harusi watoto wema na akatuachia njia bila kukagua kitu. Basi zima lilicheka mpaka tukaanza kuuteremka mlima, na kule chini zikaonekana taa za Salalah. Nilicheka nao. Nilikuwa nimejiambia kwamba mtu akishafikishwa hospitali basi yuko katika mikono salama.

SALALAH, ASUBUHI YA MECHI

Hewa ya Salalah ina unyevu, na ngozi ya ngoma hailipendi jambo hilo. Inalegea, na ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Dawa yake ni moto. Kwa hiyo saa moja asubuhi tulikuwa uani mwa nyumba ya wageni tumewasha makuti, tumezipanga ngoma kuuzunguka moto, kila mmoja anaigeuza yake polepole kama anayechoma mkate. Mhudumu akatoka akaniita kwenye simu.

Alikuwa Hamed.

"Kaka Seif. Baba katutoka. Alfajiri hii, kabla ya adhana."

Nilimwambia yale tunayoambiana. Sauti yake ilikuwa imara, sauti ya mtu ambaye ana mambo ya kupanga.

"Sikiliza," akasema. "Nassor msimwambie. Mwambieni tu Baba anamwita. Mpandisheni ndege ya saa nne, saa sita yupo Maskati. Sisi tunamsubiri. Tutazika baada ya Alasiri. Umenifahamu, kaka?"

"Nimekufahamu."

Mnaijua desturi yetu. Msafiri hapewi khabari ya msiba njiani. Anaambiwa mgonjwa yuko hoi, aje, na akifika anakalishwa, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa Abu Dhabi, na nilifanyiwa hivyo hivyo. Ninaishukuru desturi hiyo. Inamficha mtu kifo, lakini inamrudisha nyumbani.

Nilichukua teksi hadi hoteli ya timu. Wachezaji walikuwa wanakunywa chai. Nassor alikuwa anamenya yai. Aliniona akanyanyuka.

"Kaka Seif! Umepiga simu nyumbani? Baba vipi?"

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu."

Nimeliandika neno hilo na nimeliangalia kwa muda mrefu. Anakusalimu. Hakuna aliyeniambia nilitie. Lilitoka lenyewe.

Meneja wetu alikuwa Bwana Khalfan, mtu mzima mwenye kisukari na watoto wengi, na klabu ile ilikuwa ndiyo maisha yake. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Alifunika uso kwa viganja, akasoma alichosoma, kisha akaondoa viganja na uso ukawa mwingine.

"Kipa wa akiba ana homa toka jana," alisema. "Unajua wewe. Nimtie nani golini, dereva?"

"Bwana Khalfan, wanamsubiri wamzike mzee."

"Mechi saa kumi. Saa kumi na mbili nnampandisha ndege ya usiku mimi mwenyewe, kwa fedha zangu. Maiti keshakwenda kwa Mola wake, Seif, hapungukiwi na kitu. Sisi tukishuka, vijana wote hawa..." Akanyoosha mkono kuelekea meza. "Si desturi kumficha msafiri? Basi tunamficha. Mpigie ndugu yake mwambie ndege imejaa."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, si mtoto. Lakini nilikuwa nimetembea na ngoma zangu kilomita elfu moja, na moyoni mwangu, chini kabisa, kulikuwa na sauti inayosema: bila Nassor tunafungwa. Sauti ile ilikuwa yangu mwenyewe.

Nikapiga simu nikiwa nimesimama palepale hotelini, Bwana Khalfan ubavuni.

"Imejaa," nilimwambia Hamed.

"Hata nafasi moja?"

"Hata moja."

Nyuma yake nilisikia watu wanaingia na kutoka, mtu anauliza sanda iko wapi. "Nani atashuka naye, kaka?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. Kisha akasema, "Basi. Qadar ya Mungu. Mwangalieni mtoto," akakata.

Hatukuwa hata tumewapigia watu wa ndege.

UWANJANI

Niliporudi kwenye nyumba ya wageni nilikuta wenyeji wamekuja na kifungua kinywa. Ndiyo kawaida yao: watakutukana jioni, lakini asubuhi wanakulisha. Mikate moto, maharage, asali ya milimani. Kiongozi wa rabita yao, Bakhit, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe kidevuni, alikuwa ameshaondoka. Zahor alikuwa amekaa peke yake karibu na moto uliokwisha, macho mekundu. Nilikuwa nimemwambia ya msiba nikikimbilia teksi. Ya ndege sikuwa nimemwambia, wala sikumwambia.

Saa tisa na nusu tuliingia uwanjani tukiwa na ngoma zinazolia vizuri. Tulipewa pembe ya jukwaa la pembeni. Nyuma ya goli la upande wa pili walikaa wenyeji, wengi hata ukuta hauonekani, na ngoma zao mbele yao. Nikakaza mkanda wa rahmani begani nikasubiri waanze wao, kama ilivyo ada.

Hawakuanza.

Timu zikatoka, hawakuanza. Refa akapiga filimbi, bado. Nikatazama vizuri nikaona ngoma zao zimelazwa chini, ngozi zimeelekea ardhini. Bakhit amekaa mbele ya watu wake, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye hitima. Kila kijana aliyejaribu kupiga ukelele aligeukiwa na wazee akaketi.

"Kuna nini?" nikamuuliza Zahor.

Zahor akaanza kulia tena. Bakhit alipoleta mikate alimkuta analia, akamuuliza kulikoni, naye akamwambia: baba wa kipa wetu amefariki leo. Ni hilo tu alilomwambia. Bakhit akasema kwa Kiarabu, "Na kijana atacheza? Huyo mwanamume kweli. Wallahi leo hatupigi ngoma mbele yake."

Alidhani Nassor anajua. Mtu yeyote mwenye akili yake angedhani hivyo. Hakuna aliyeweza kufikiria kwamba kuna watu wangemwacha mtoto wa marehemu acheze mpira bila kumwambia. Maelfu ya watu wale walikuwa wamekaa kimya kumpa pole mtu ambaye hajui amefiwa.

Nawaambia kilichonijia kwanza kilikuwa woga. Na kilichonijia cha pili, haikupita dakika, kilikuwa furaha. Nikaona uwanja ni wetu. Nyumbani kwao, mbele ya watu wao, sauti iliyokuwepo ilikuwa ya ngoma tisa kutoka Ghubra. Nikapiga.

Yote niliyoyahubiri miaka ile yakatimia mbele ya macho yangu. Wachezaji wao walikuwa wanageuka kulitazama jukwaa lao kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Pasi zilizokuwa zikienda kwa kelele sasa zilikuwa zinakwenda kwa kufikiri, zinachelewa. Nassor, kipindi hicho akiwa goli la upande wetu, alikuwa akiita "Yangu!" na mabeki wanampisha. Mshambuliaji wao alianguka ndani ya eneo la hatari, tena alikwatuliwa kweli, nilimwona. Siku nyingine uwanja ungepasuka. Siku ile palikuwa na kimya, refa akatazama, akafikiri, akaashiria mpira uendelee. Robo saa baadaye wa kwetu akaanguka kwa kitu kidogo zaidi. Tulipiga ukelele, watu arubaini na ngoma tisa, na nikamwona refa anageuza shingo kututazama sisi kabla ya kuweka filimbi mdomoni. Penalti. Moja bila.

Wakati wa mapumziko nilitazama saa. Kule nyumbani walikuwa wanamtoa mzee.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Nassor akaenda kusimama mbele ya wenyeji, mgongo wake kwao, karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa. Mara ya mwisho pale pale walimvurumishia matusi dakika arubaini na tano. Sasa hakuna aliyemwambia neno. Nikamwona anageuka kuwatazama. Akageuka tena. Watu wazima walikuwa wanainamisha macho.

Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini. Mpira ukatoka nje nyuma ya goli, akaufuata. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliunyanyua, akampa kwa mikono miwili, na badala ya kuuachia akaushika akasema kitu. Nilikuwa mbali, sikuweza kusikia. Lakini niliona midomo, na niliona mzee akiweka mkono wa kulia kifuani, na pole ina umbo lake, mtu anaijua hata kutoka upande wa pili wa uwanja.

Nassor alibaki ameushika ule mpira. Kisha akanyanyua uso akatazama kuvuka uwanja mzima, moja kwa moja, mpaka kwetu.

Zahor aliacha kupiga. Wengine wawili watatu wakaacha. Mimi nilizidisha. Nilipiga kwa nguvu ambazo sijawahi kupiga, ngozi inanirudisha mikono, kwa sababu nilikuwa naogopa kimya kile kitamfikia na kumwambia yaliyobaki. Nikawapigia kelele wenzangu wapige. Wakapiga.

Aliuweka mpira chini akaupiga mbele. Alicheza dakika zote zilizobaki. Alidaka mipira miwili ambayo sidhani kuna kipa mwingine angeidaka. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wetu walimkimbilia, naye akawapita katikati kama anayepita sokoni, akaja mpaka kwenye uzio wetu.

"Kaka Seif. Baba?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Alfajiri."

"Mlijua saa ngapi?"

"Saa moja."

Akatingisha kichwa taratibu. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. "Keshazikwa," akasema.

"Keshazikwa."

UWANJA WA NDEGE

Bwana Khalfan alitimiza ahadi yake. Alinipa fedha za tiketi, akasema yeye hawezi kumtazama kijana usoni, nimpeleke mimi. Ndani ya teksi Nassor alikuwa bado amevaa jezi na glavu. Tulipita mashamba ya migomba na vibanda vya madafu, mwenye teksi anatupongeza kwa ushindi. Nami nikamwambia Nassor, "Tulikutafutia nafasi ndege ya asubuhi. Ilikuwa imejaa."

"Ahsante, kaka," akasema.

Mwanamume wa kaunta alimwomba kitambulisho. Nassor akavua glavu ili akitoe, akaziweka juu ya kaunta. Nilimnong'oneza yule bwana kwamba huyu amefiwa na baba yake, amfanyie wepesi. Akasimama, akampa mkono. Alikuwa mtu mwema, alitaka kusema jambo la kufariji.

"Laiti mngekuja asubuhi," alisema. "Ile ya saa nne imeondoka nusu tupu."

Nassor alinigeukia. Sikuona hasira. Hasira ningeweza kuisimamia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, kisha akachukua kadi yake ya kupandia, akaingia ndani. Glavu alizisahau. Nilizichukua.

HAIMA TENA

Tuliondoka Ijumaa baada ya Alfajiri. Vijana walikuwa na haki ya kushangilia, walikuwa hawajui ya ndege, na walianza kuimba tulipopanda mlima. Lakini wazee hawakuitikia, kwa ajili ya msiba, na wimbo ukafa kabla ya Thumrait. Zile ngoma zilikuwa kwenye buti, na kila basi liliporuka kwenye shimo zilijipiga zenyewe chini ya miguu yetu.

Haima yule Mpakistani wa ndevu nyekundu alitutazama tunavyoingia, mmoja mmoja. Akaja kwangu, akaniwekea chai ya maziwa, akanipigapiga bega.

"Msihuzunike," akasema. "Mwakani mtashinda."

Nikamwambia tumeshinda. Alidhani Kiarabu changu kimekosea. Akauliza tena, nikamjibu vilevile, akaondoka kichwa upande. Sikuinywa ile chai.

GHUBRA, SIKU YA TATU

Msibani nilikwenda siku ya tatu. Nilijichelewesha kwa visingizio. Nilipoingia nilimtafuta Hamed mstari wa mbele, pale wanapokaa wafiwa kupokea mikono, sikumwona. Alikuwa kwenye godoro, kwenye kona, amelala ubavu. Watu walikuwa wanainama kumpa mkono.

Jirani akanieleza. Walipofika makaburini watu wengi walijitolea kushuka. Hamed alikataa. Alisema kama mdogo wake hayupo basi ni yeye, hawezi kumwachia mtu mwingine baba yake. Akashuka, akampokea, akamlaza vizuri bila kumwangusha. Yeye mwenyewe kutoka hakuweza. Walimtoa watu wanne kwa kumbeba. Hamed, yaliyofuata unatembea nayo kila siku na ile bakora yako, sina haja ya kukuandikia.

Niliinama. Akanivuta shingo akanibusu kichwani.

"Ahsante kaka kwa kuhangaika na ndege," akaniambia.

Nassor alikuwa amepiga magoti kando yake na buli la kahawa. Alisikia. Nilisubiri. Akamimina kikombe, akaninyooshea kwa mkono wa kulia, nikakipokea, akaenda kwa mtu wa pili yangu. Hakusema siku ile, wala hakusema miaka yote hii. Mpira hakucheza tena. Watu mlisema ni huzuni ya baba. Timu ilibaki daraja mwaka mmoja, kisha ikashuka. Rahmani yangu niliitoa ngozi, na mke wangu anaweka nguo za baridi ndani yake. Zile glavu ziko humo pia. Sikuthubutu kuzirudisha.

Nilikuwa nikijiambia Nassor ananisitiri. Sasa naona hakuwa ananisitiri mimi. Anakusitiri wewe, Hamed, usije ukajua mgongo wako ulikwenda kwa nini. Nami nimemwacha abebe peke yake kitu ambacho ni changu, huku nikiwachekesha barazani kwa ushindi wa Salalah.

Sasa mmeijua yote, na wewe umeijua. Ndege ya saa nne haikuwa imejaa, Hamed. Hatukuuliza.